Kwa nini The Knight of the Burning Pestle ilibuma mwaka 1607? Wajuzi wa tamthilia karibuni

#1 Bwana Mkunazi
Wakuu salaam. Nimemaliza kusoma tamthilia ya Francis Beaumont, The Knight of the Burning Pestle, iliyochezwa London mwaka 1607. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Kisha nikarudi mwanzoni kusoma barua ya mchapishaji katika chapa ya 1613, nikaduwaa. Anasema ilipochezwa mara ya kwanza, watu waliikataa katakata.

Kwa ambao hawajaisoma (humu ndani nitaiita Mchi tu): wavulana wa ukumbi wa Blackfriars wanaanza kucheza mchezo uitwao Mfanyabiashara wa London. Yule wa kusoma utangulizi hata hajafika popote, jamaa mmoja mwenye duka la viungo, George, anaruka kutoka kwa watazamaji na kupanda jukwaani. Anafoka: miaka saba ukumbi huu unatukejeli sisi watu wa mjini, na leo mmeandaa nini tena? Anataka mchezo mwingine wenye shujaa muuza viungo. Mkewe, Nell, naye anasaidiwa kupanda, na ndiye anayependekeza shujaa aue simba kwa mchi. Wanamtoa Rafe, mwanagenzi wa dukani kwao, awe huyo shujaa. Kuanzia hapo michezo miwili inachezwa jukwaa moja, wa wavulana na wa Rafe, huku mume na mke wamekaa palepale wanatoa maoni bila kufunga mdomo.

Swali: kitu kama hiki kilibumaje?

#2 shoka_butu
Naweka kambi hapa.

#3 Ng'ombe wa Mkopo
Shakespeare alikuwa na michezo mingi, si lazima yote iwe mizuri. Mbona kawaida tu.

#4 Mtoto wa Mwalimu
@Ng'ombe wa Mkopo jina la mwandishi limeandikwa mstari wa kwanza kabisa wa uzi. Shakespeare miaka hiyo yuko ng'ambo ya mto, Globe, na kampuni ya watu wazima. Blackfriars ya wakati huo ilikuwa ya wavulana, na wao ndio waliocheza kila nafasi. Maana yake Nell ni mvulana aliyevaa gauni, anajifanya mama wa makamo, kisha anawasifia wavulana wenzake wanavyopendeza na kumuuliza mmoja kama alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Mulcaster. Mulcaster alikuwa mwalimu wa kweli, maarufu London. Ukilisoma hilo kwenye karatasi linapita hivihivi.

#5 Wakili wa Shetani
Jibu liko mlangoni, kwenye kiingilio. Globe ulisimama uwanjani kwa peni moja. Blackfriars ilikuwa ukumbi wa ndani, mishumaa, muziki kati ya sehemu na sehemu, na kiti cha bei ya chini kabisa kilikuwa peni sita. Waliokuwa wakienda ni mabwana, wanafunzi wa sheria, vijana wenye vitambi vya urithi. Wengine walilipia zaidi ili wakae jukwaani na mashati yao yaonekane.

Watu hawa walikuja kuona wenye maduka wakichekwa. Beaumont akawaletea mwenye duka na mkewe ambao, kila ukurasa ukifunua, unazidi kuwapenda. Mpaka mwisho Nell anawakaribisha mabwana wote nyumbani kwake wanywe mvinyo. Sasa wewe bwana mkubwa umelipa peni sita umcheke Nell, unajikuta umealikwa kwake. Utapiga makofi?

#6 Kungwi Mstaafu
Wakili hapo umepuyanga. Wafanyabiashara wenye pesa walikuwa wanaingia Blackfriars vizuri tu, tena na wake zao. Na mwandishi ni mtoto wa jaji, amepita Inner Temple kusoma sheria, hajawahi kupima pilipili manga maishani mwake. Anamchora mwenye duka kama mtu anayelipia kila kitu na haelewi chochote. Nell mwenyewe anakiri hajawahi kuona mchezo: mume amemwahidi mwaka mzima kumpeleka na hakumpeleka. Hiyo ni dharau ya tabaka. Waliokasirika ni wenye maduka, nao ndio walikuwa na pesa taslimu.

#7 Otoyo254
Niaje wadau. Yaani #5 anasema mchezo uliwapenda wenye duka kupita kiasi, #6 anasema uliwadharau kupita kiasi, na wote mmesoma kitabu kimoja. Poa.

Mimi nawaambia hili la mtu kupanda jukwaani haliwezi kuua mchezo. Shule ya msingi tulicheza mchezo wa Krismasi. Herode alikuwa kijana mmoja ana mafua. Katikati ya kuamuru watoto wauawe, mamake akapanda na leso, akampangusa kamasi, akashuka. Kanisa zima lilibebwa na kicheko. Mpaka leo hakuna anayekumbuka Mariamu alikuwa nani.

#8 Bi Kidawa wa Ngamiani
@Otoyo254 nimecheka mwenzio, huyo mama namjua, yuko kila mtaa.

Mie Nell kaniua. Mabwana wanavuta tumbaku, yeye anawaka: tumbaku hii inaniua, laiti isingekuwepo Uingereza, hivi mnapata faida gani kugeuza nyuso zenu mabomba ya moshi? Halafu kuna mahali mtu anasumbuliwa na visigino, yeye hapohapo ana dawa: asugue kwa ngozi ya panya. Mchezo unaendelea, yeye anatibu.

Na kitu ambacho hamjakitaja nyie wanaume. Kwenye ule mchezo wa wavulana, Jasper ni mwanagenzi maskini anampenda Luce, binti wa tajiri wake, Venturewell. Tajiri anamfukuza kazi, anataka binti aolewe na Humphrey, bwege mwenye nacho. Mchezo wa kawaida wa mapenzi, kila mtazamaji anajua amshangilie nani. Lakini Nell na mumewe wako upande wa Humphrey! Kwao Jasper ni kijana wa kazi asiye na adabu kwa bosi wake. Wakati huohuo wamemtoa kijana wao wa kazi awe shujaa. Hawaoni mgongano hata kidogo.

#9 Bwana Mkunazi
@Bi Kidawa wa Ngamiani ahsante, hilo la Humphrey nililipita. Na mwishoni Nell huyuhuyu aliyelaani moshi anawaahidi mabwana mvinyo pamoja na kiko cha tumbaku.

#10 Ng'ombe wa Mkopo
Sawa si Shakespeare. Lakini hii ni kopi ya Don Quixote, riwaya ya Cervantes, msinidanganye. Kijana wa dukani anasoma hadithi za mashujaa wa farasi, anajiona shujaa, anaiita nyumba ya wageni ngome, anagoma kulipa. Watu walishaijua, ndiyo maana hawakushtuka. Uzi ufungwe.

#11 Mtoto wa Mwalimu
Hapa mkuu una hoja nusu. Sehemu ya kwanza ya Cervantes ilitoka Hispania 1605. Tafsiri ya Kiingereza ya Thomas Shelton ilichapwa 1612, na mchapishaji wa Mchi anatamba kwenye barua yake kwamba shujaa wake ni mkubwa kwa Don Quixote kwa zaidi ya mwaka. Ukimsikiliza yeye, hakuna kopi.

Lakini mwaka uleule wa 1607 tamthilia za London tayari zilikuwa na utani wa kupigana na kinu cha upepo kama Don Quixote, kwa hiyo habari za Cervantes zilikuwa zimevuka bahari. Beaumont angeweza kuzisikia hata kama hakusoma Kihispania.

Ila wasomaji wengi wanaona anayelengwa hasa ni Thomas Heywood. Yeye ana tamthilia kuhusu wanagenzi wanne wa London wanaokwenda vitani Yerusalemu na kuwa mashujaa. Michezo ya namna hiyo ndiyo watu wa maduka waliyoipenda kwelikweli. Kumcheka Heywood ni kuwacheka wao, kwa hiyo nipo na Kungwi zaidi kuliko Wakili.

#12 Wakili wa Shetani
Mwalimu wako alikufundisha kuhama kambi mapema mno. Barua yenyewe ya mchapishaji, Walter Burre, inasema ulimwengu uliikataa kwa kukosa akili ya kupima, au kwa kutoiona alama ya siri ya kejeli iliyokuwa ndani yake. Mtu wa enzi zile anakupa sababu: hawakuelewa wanatakiwa wacheke kitu gani. Mwenye duka akicheka, anacheka nini? Bwana akicheka, anamcheka nani? Kila mmoja akamtazama jirani yake.

#13 Dalali wa Maneno
Nimesoma tangu juu, sijaona mtu aliyeuliza swali la kwanza. Nani kasema ilibuma? Burre peke yake. Na Burre ni nani? Muuza vitabu. Anataka ununue kitabu 1613.

Fikiria kama mtu wa soko. Huwezi kuandika kwenye jalada "ilijaza ukumbi" kama haikujaza. Basi unageuza: wajinga hawakuielewa, wewe msomaji mwerevu utaielewa. Sasa nani atakubali kuirudisha rafuni ahesabiwe na wajinga? Na hakuwa mgeni wa biashara hiyo. Catiline ya Ben Jonson ilipokelewa vibaya jukwaani 1611, aliyeichapa mwaka huohuo ni Burre. Sisemi ilifanikiwa. Nasema shahidi ni mmoja na ana duka.

#14 shoka_butu
Dalali kaingia na nyundo. Naongeza kambi, naleta na jiko.

#15 Kungwi Mstaafu
@Dalali wa Maneno ukianza kukataa kila shahidi mwenye duka, historia yote ya uchapaji itabaki tupu. Angalia na jirani yake. John Fletcher, rafiki wa Beaumont, muda si mrefu baadaye aliandika The Faithful Shepherdess, ya wachungaji, ikachezwa na wavulana haohao nayo ikaanguka. Hiyo tunajua kwa sababu Fletcher mwenyewe alilalamika na Beaumont akamwandikia shairi la kumfariji. Kwa hiyo ukumbi ule kukataa kitu kipya si ngano ya Burre. Baadaye wawili hao wakaungana, wakaandika Philaster kwa kampuni ya Shakespeare, ndipo mambo yakawanyookea.

Nasisitiza pia: Burre aliikabidhi kwa barua Robert Keysar, aliyekuwa na hisa katika kampuni ya wale wavulana na ndiye aliyeuokoa mswada usipotee. Unamwandikia mtu aliyekuwepo. Utamdanganya kwamba mchezo wake ulikataliwa, na yeye alihesabu mapato siku ile?

#16 Dalali wa Maneno
Barua imeandikiwa Keysar, lakini inasomwa na mnunuzi. Ndiyo kazi ya barua za wazi.

#17 Mkazi wa Southwark
Habari zenu kutoka baridini. Niliiona 2014 hapa London, kwenye ukumbi wa ndani wa Sam Wanamaker pembeni ya Globe mpya, msimu ule ilipofunguliwa. Ni chumba kidogo cha mbao, mwanga ni mishumaa ya nta, na goti la mtu wa nyuma liko mgongoni kwako.

Mume na mke walikaa na sisi watazamaji. Mwanzoni mzee mmoja karibu yangu aliwakemea kwelikweli, "shiii!", akidhani ni wateja wakorofi. Mkewe akamvuta koti. Tulicheka usiku kucha, na katikati wakati mishumaa inakatwa tambi kulikuwa na ngoma na nyimbo.

Lakini ilikuwa ndefu, niseme ukweli. Kuna saa nilisahau Jasper yuko jeneza gani na Luce kafungiwa wapi. Sisi tulikuwa na kijitabu cha maelezo. Wa 1607 hawakuwa nacho.

#18 shoka_butu
Hapo kwenye kusahau ndipo hoja yangu. Mchezo hauna uti wa mgongo. Rafe akiingia, hadithi ya Jasper inasimama. Hesabuni alikopita: msitu wa Waltham, nyumba ya wageni ya Bell, pango la jitu Barbaroso, halafu ghafla Moldavia kwa binti mfalme Pompiona anayempenda, naye anamkataa kwa sababu Susan, mtumishi wa fundi viatu wa Milk Street, anamsubiri nyumbani. Kisha anakuwa bwana wa sherehe za Mei, kisha anapanga askari Mile End, kisha anaingia na mshale umepenya kichwani kufa, kwa sababu tu Nell anataka afe. Na katikati ya hayo kuna mzee Merrythought ambaye kazi yake ni kuimba, njaa ikiingia anaimba, mke akiondoka anaimba.

Leo tunaita ubunifu. Mtu wa 1607 aliita fujo.

#19 Mla Mua
Hilo jitu Barbaroso si jitu, ni kinyozi jamani! Amening'iniza beseni la shaba mlangoni, "wafungwa" wake ni wateja.

#20 Kungwi Mstaafu
@Mla Mua na wafungwa wenyewe ni wagonjwa wa kaswende. Vinyozi enzi zile walikuwa pia watibabu. Mmoja pua imemwisha, wengine wako kwenye pipa la kutoa jasho. Sasa rudini kwenye jina la mchezo, na mchi unaowaka, kisha mcheke kimyakimya kama watu wazima.

Kwa wale wanaouliza mchi unahusiana nini na muuza viungo: wauza dawa London walikuwa chama kimoja na wauza viungo mpaka 1617 walipopewa chama chao. Duka la George lilikuwa na kinu na mchi kihalali kabisa.

#21 Bi Kidawa wa Ngamiani
Astaghfirullah. Kumbe nilikuwa namsomea mjukuu.

#22 Mla Mua
Kuna sababu nyingine, siasa. Blackfriars ilikuwa imeshamchokoza Mfalme James. Mwandishi Chapman aliweka jukwaani malkia wa Ufaransa anamzaba kibao kimada wa mfalme, balozi wa Ufaransa akalalamika, ukumbi ukafungwa. Mchezo ungepata wapi nafasi ya kupendwa? Hapo bado hujaweka tauni iliyokuwa ikifunga majumba.

#23 Mtoto wa Mwalimu
Mla Mua, kibao cha malkia ni 1608, mchezo wa Beaumont tunauweka 1607. Jambo la baadaye haliwezi kuua la kabla.

Kilichotangulia ni Eastward Ho, 1605, vijana haohao. Jonson na Chapman walitiwa ndani kwa utani dhidi ya Waskoti waliokuja mjini na mfalme. Kwa hiyo watu walizoea kuja Blackfriars kutafuta nani anachomwa leo. Ukitaka siasa, ishike hiyo: Mchi haimchomi mkubwa yeyote. Pengine walichoshwa na hilo.

#24 Wakili wa Shetani
Hiyo ya mwisho naikubali kwa mikono miwili, maana ni hoja yangu ya #5 imebadilishwa kanzu.

#25 Ng'ombe wa Mkopo
Mbona hamsemi Burre anasema iliandikwa kwa siku nane? Siku nane! Fundi wangu wa kabati hajamaliza tangu Ramadhani. Kitu cha haraka kikaonekana cha haraka, basi.

#26 Otoyo254
@Ng'ombe wa Mkopo hii ndiyo mara ya kwanza umesoma kabla ya kuandika. Pongezi.

Swali: ilikufa moja kwa moja au ilifufuka?

#27 Mtoto wa Mwalimu
Ilifufuka. Mwaka 1635 ilichapwa tena, jalada likisema sasa inachezwa na watumishi wa malkia, Henrietta Maria, na likiwapa uandishi Beaumont na Fletcher pamoja. Siku hizi wengi wanampa Beaumont peke yake. Februari 1636 ilichezwa mbele ya familia ya kifalme. Beaumont hakuiona siku hiyo: alifariki Machi 1616, wiki chache kabla ya Shakespeare, akazikwa Westminster Abbey.

Sasa mwenye nadharia aseme. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni nini kati ya 1607 na 1635?

#28 Kungwi Mstaafu
Waigizaji. Kampuni ya 1635 ilikuwa na watu wazima. Mwanamume mzima akiruka jukwaani na kufoka unashtuka kwamba ni mwenye duka kweli. Mvulana akiruka, unajua papo hapo ni mchezo, kiini macho kimekwisha kabla hakijaanza.

#29 Bi Kidawa wa Ngamiani
Si kweli mzee wangu, raha yake ndiyo hiyo, mtoto kumuiga mama mtu mzima. Nenda kwenye harusi uone watoto wanavyowaiga mashangazi, watu hushika mbavu. Mie nasema kilichobadilika ni kwamba miaka ilipita. Yule aliyechorwa keshazeeka au keshakufa, sasa hata wanawe wanaweza kumcheka.

#30 Mkazi wa Southwark
Na Heywood naye michezo yake ya mashujaa ilikuwa imechakaa, watu wenyewe walishaanza kuionea aibu kidogo. Naungana na Bi Kidawa.

#31 Bwana Mkunazi
Wakuu ahsanteni, mmenijaza. Nje ya mada kidogo: Mwalimu Nyerere alitupa Mabepari wa Venisi 1969, tukabaki tunamjua Shakespeare kana kwamba London ilikuwa na mwandishi mmoja. Hakuna wa kututia Nell kwenye Kiswahili? Yule mama hahitaji hata kubadilishwa lafudhi.

#32 Mla Mua
Bi Kidawa aigize. Gauni tutachanga.

#33 Bi Kidawa wa Ngamiani
Mtalipa kiingilio kwanza.

#34 Dalali wa Maneno
Tukiwa kwenye malipo. Rafe anapogoma kulipa Bell kwa sababu shujaa halipi, mwenye nyumba anadai shilingi kumi na mbili na anayetoa mfukoni ni George. Hizo, kwa shilingi ya peni kumi na mbili, ni viti ishirini na vinne vya peni sita. Kabla ya hapo ameshatoa shilingi mbili waletwe wapiga zumari wa Southwark, kwa kuwa shujaa wake hawezi kuingia bila zumari. Fundi stadi London alipata takriban shilingi moja kwa siku. Huyu mtu mnayesema anachekwa ndiye mfadhili mkuu wa jioni nzima.

#35 Ng'ombe wa Mkopo
Kwa hiyo aliyepata hasara ni George, si Beaumont?

#36 Wakili wa Shetani
Na hakuna aliyemrudishia chenji. Kungwi, njoo ujibu hiyo, wewe ndiye uliyesema alidharauliwa.